Mkataba wa Kwanza Usainiwe na Jirani Mwenye Mbwa

Aprili 2015, katika maktaba ya umma ya mji wa Anaheim, California, walikutana marais, wafalme na mabalozi ambao hakuna hata mmoja wao mwenye kiti Umoja wa Mataifa. Walikuja na mikanda ya vyeo begani na nishani kifuani, wakabadilishana stempu, noti na hati za kutambuana. Mwenyeji wao alikuwa Jamhuri ya Molossia, nchi ya ekari 11 hivi karibu na mji wa Dayton, Nevada, chini ya rais wake Kevin Baugh. Mkutano ule uliitwa MicroCon, na tangu hapo umerudi: karibu na Atlanta mwaka 2017, Hamilton nchini Kanada mwaka 2019, Las Vegas mwaka 2022. Wala haukuwa wa kwanza wa aina yake. Mwaka 2003 wenzao walikuwa wamekwisha kukutana Helsinki, na mwaka 2010 wengine wakakusanyika kwenye kisiwa kidogo cha Dangar, kaskazini mwa Sydney.

Nchi hizi nitaziita vijinchi. Kijinchi ni eneo ambalo mtu mmoja, familia au kikundi kimelitangazia uhuru, kikalipa bendera, katiba na serikali, ilhali hakuna dola inayolitambua. Najua umbo la neno lenyewe laweza kusikika kama kejeli. Silitumii hivyo. Kiambishi hichohicho ndicho tunachomwekea mtoto mchanga tukimwita kitoto, na hapo hatumtukani mtu. Kuna vijinchi vilivyozaliwa kwa uchungu halisi. Leonard Casley alijitangazia uhuru Australia Magharibi mwaka 1970 kwa sababu serikali ilimpangia kiwango cha ngano ya kuuza ambacho aliona kitamfilisi. Ndivyo kilivyoanza kijinchi cha Mto Hutt, kilomita za mraba 75 za mashamba zilizoishi kama nchi kwa miaka 50. Mtu anayefikia hatua ya kujiandikia katiba amefikiri kuhusu utawala kuliko wengi wetu tunaopiga kura na kurudi kulala.

Ninachotaka kukizungumza ni jambo jembamba zaidi, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote yanayojadiliwa kwenye mikutano ile. Itakuwaje ikiwa ndani ya mipaka yako, kwenye kipande hicho ulichokitangazia uhuru, anaishi mbweha wa porini aliye hatarini kutoweka?

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe. Kiswahili kinamtosheleza kila mmoja wao kwa neno moja, mbweha, na mara nyingi anayekuja akilini ni yule mrefu wa miguu anayenyemelea mabaki ya simba. Hapa nawazungumzia ndugu zake wadogo, wenye mkia mnene na pua nyembamba, wanaochimba mashimo na kuwinda panya, wadudu na ndege. Wengi wao wako salama kabisa. Mbweha mwekundu ni miongoni mwa wanyama wala nyama walioenea kuliko wote duniani. Lakini wapo wachache ambao idadi yao mtu anaweza kuihesabu kwa majina. Kwenye milima ya Sierra Nevada, Marekani, wapo mbweha wekundu wa milimani ambao kundi lao, lililodhaniwa kuwa chini ya 50, liliingizwa rasmi katika orodha ya walio hatarini mwaka 2021. Chile kuna mbweha wa Darwin, wa kisiwa cha Chiloé na misitu michache ya bara. Kwenye milima ya Skandinavia kuna mbweha wa aktiki, yule wa baridi kali ya kaskazini. Na kwenye visiwa vilivyo mbele ya pwani ya California kuna mbweha wa kisiwani, asiyemzidi paka wa nyumbani kwa umbo, mwenye uzito wa kilo moja hadi tatu.

Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933, ambao wenye vijinchi wanaunukuu kwa kichwa, unataja sifa nne za dola: wakazi wa kudumu, eneo lililo wazi, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Hiyo ya kwanza ndiyo inayowatesa. Ladonia, iliyoanzishwa mwaka 1996 na msanii Lars Vilks kwenye ufuo wa mawe wa Kullaberg, kusini mwa Uswidi, ina raia maelfu kwa maelfu, na hakuna hata mmoja anayeishi pale. Vijinchi vingi viko hivyo: raia wamejiandikisha kutoka mbali, na ardhi yenyewe usiku haina mtu. Sasa fikiria kijinchi chenye shimo la mbweha. Nenda alfajiri, ukae mbali, upepo ukija usoni kwako. Utaona udongo uliotolewa nje ukiwa mwepesi kuliko wa pembeni, manyoya ya ndege yaliyotawanyika, mfupa mmoja uliotafunwa hadi kung'aa, na harufu kali ya mkojo mbele ya mlango. Kama ni majira ya kuzaa, mlango wenyewe utakuwa umelainishwa na miili midogo inayoingia na kutoka. Huyo ndiye mkazi. Alikuwapo kabla ya bendera, na ndiye peke yake anayelala pale kila siku.

Je, ni kweli kila siku? Hapo ndipo hesabu inapoanza kutuumbua.

Ekari 11 ni kama asilimia nne na nusu tu ya kilomita moja ya mraba. Atlantium, kijinchi cha Australia kinachojulikana sana miongoni mwa wenzake, kina shamba la kilomita za mraba 0.76, na kwa vipimo vya vijinchi hilo ni eneo la heshima. Mbweha wa kisiwani, ambaye hutembea kidogo kuliko karibu mbweha wote, hutumia jozi moja kama nusu kilomita ya mraba. Mbweha wa aktiki wa Skandinavia huhitaji kilomita za mraba 20 na zaidi. Kwa hiyo hata kama shimo liko katikati kabisa ya kijinchi chako, mnyama wako hula kwa jirani, huwinda kwa jirani wa pili, humfuata jike upande wa tatu wa barabara. Wewe unamiliki kitanda chake. Riziki yake iko nje.

Na akiamua kuondoka, hakuna ramani itakayomzuia. Machi 2018 mbweha jike kijana wa aktiki, aliyevalishwa kola ya setilaiti na watafiti wa Norwei, aliondoka Spitsbergen, kisiwa cha Norwei kilicho kaskazini kabisa, akapita juu ya barafu ya bahari hadi Greenland, akaendelea hadi kisiwa cha Ellesmere nchini Kanada. Kilomita 3,506 kwa siku 76. Kuna siku moja, akiwa juu ya barafu ya Greenland, alitembea kilomita 155. Huyu hakuwa wa kundi lililo hatarini, na safari yake si ya kawaida hata kwa jamii yake, lakini alipita ardhi za Norwei, Denmark na Kanada na hakuna hata moja iliyokuwa na la kumfanya. Kama dola tatu zenye majeshi na walinzi wa pwani haziwezi kusema "huyu ni wetu" kwa uhakika, mwenye ekari 11 asijidanganye.

Watu wa vijinchi wana moyo wa kutangaza, na mara nyingi tangazo la kwanza wakigundua mbweha ni kumfanya mnyama wa taifa, kumwekea sheria ya ulinzi, na kumchapisha kwenye stempu. Nia ni njema, nami sitamcheka anayefanya hivyo. Ila tujifunze kwa Skandinavia. Uswidi ilimpa mbweha wa aktiki ulinzi wa sheria mwaka 1928, Norwei mwaka 1930, Ufini mwaka 1940. Hizo ni dola kamili, zenye polisi na mahakama, na sheria zao zilitiiwa. Baada ya miaka 70 hivi, kuelekea mwaka 2000, walikuwa wamebaki mbweha waliokomaa kati ya 40 na 60 tu katika eneo lote. Sheria ilizuia bunduki. Haikuleta panya wa milimani waitwao lemingi, ambao wakikosekana mbweha hazai, wala haikumzuia mbweha mwekundu, mkubwa na mwenye nguvu, asipande mlimani na kumnyang'anya mashimo. Idadi ilianza kupanda pale watu walipotoka ofisini: wakaweka vituo vya chakula vyenye matundu membamba ili mbweha mwekundu asiingie, wakawapunguza hao wekundu, Norwei ikazalisha watoto kwenye mabanda ya mlimani na kuwaachia huru, na wale walioachiwa upande mmoja wakavuka mpaka wakazaa upande wa pili. Uswidi na Norwei zililazimika kufanya kazi kama shamba moja.

Kwa hiyo kinachomwokoa mbweha ni ujirani. Tangazo la enzi peke yake halimfikishi popote.

Kisa cha visiwa vya California kinalionyesha hili kwa uchungu zaidi, na nitakaa nacho kidogo kwa sababu kila mwenye kijinchi chenye mnyama angepaswa kukijua. Kisiwa, kwa mawazo ya wengi, ndicho kijinchi bora: bahari ndiyo mpaka, hakuna jirani wa kugombana naye. Kwenye kisiwa cha San Miguel walikuwapo mbweha kama 450 mwaka 1994. Mwaka 1999 walikuwa wamebaki 15. Hakuna aliyewapiga risasi. Kilichotokea ni mnyororo mrefu ambao pingu zake za kwanza zilifungwa mbali kabisa. Sumu ya wadudu iitwayo DDT iliyomwagwa baharini kutoka bara iliharibu mayai ya tai kichwa-cheupe, wanaokula samaki, hadi wakatoweka visiwani. Tai wale walikuwa wakiwafukuza tai wengine. Kwenye kisiwa jirani cha Santa Cruz kulikuwa na nguruwe wa kufugwa waliogeuka wa porini, na watoto wao wakawa karamu ya kuwavuta tai wa dhahabu kutoka bara. Tai wa dhahabu walipokwisha kukaa, wakamwona mbweha, ambaye kwa maelfu ya miaka hakuwa na sababu ya kutazama juu. Ndiyo maana mbweha wa San Miguel walikufa kwa ajili ya nguruwe wa kisiwa kingine na kemikali ya bara.

Kwenye kisiwa cha Santa Catalina ilikuwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uliingia ugonjwa wa distempa, virusi vinavyoua mbwa na jamaa zake, pengine na rakuni, mnyama mdogo wa Amerika, aliyejificha kwenye chombo cha baharini. Mbweha 1,300 hivi wakashuka hadi kama 100. Mnyama mmoja, chombo kimoja.

Uponyaji wake ulikuwa wa kazi za mikono. Mbweha wa mwisho wa San Miguel waliingizwa mabandani ili wazae kwa usalama. Nguruwe zaidi ya 5,000 waliondolewa Santa Cruz. Tai wa dhahabu walinaswa wakiwa hai na kuhamishwa, tai kichwa-cheupe wakarudishwa. Na mbweha wakachanjwa mmoja mmoja: mtego wa sanduku la waya unawekwa jioni, asubuhi mtu anapiga magoti, anamfunika macho kwa kitambaa ili atulie, anampima kwenye mzani, anamchoma sindano ya kichaa cha mbwa na ya distempa, kisha anamwachia pale pale alipomkuta. Mwaka 2016 mbweha wa visiwa vitatu waliondolewa kwenye orodha ya walio hatarini, na wa Catalina akahamishiwa daraja la hatari ndogo zaidi. Hakuna mamalia aliyepona haraka hivyo tangu sheria ya Marekani ya wanyama walio hatarini, ya mwaka 1973, ianze kazi. Nikisoma hesabu za Santa Cruz, ambako sasa wamevuka 2,000, huwa nawaza magoti ya wale waliozunguka mitego kila asubuhi kwa miaka.

Turudi mezani, kwenye ule ukumbi wa mkutano.

Mikutano ya vijinchi ina kasoro moja ambayo si kosa la mtu: huwakutanisha watu wasio majirani. Rais anayetoka Nevada anasaini mkataba wa urafiki na mtawala mdogo anayetoka Ubelgiji. Wanapendana, wanaandikiana, na kati yao kuna bahari. Kwa stempu na nishani hilo halina shida. Kwa mbweha ni bure. Mtu anayeshika uhai wa mbweha wako hatahudhuria MicroCon hata siku moja; hajui hata kwamba wewe ni rais. Ni yule mwenye shamba upande wa pili wa ua, ana mbwa wawili wasiofungwa, anatega sumu ya panya ghalani, na mwaka jana alipoteza kuku. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali: methali hii tunaitumia msibani, na mbweha angeitumia kila usiku kama angekuwa na ulimi.

Mbwa si jambo dogo. Mbweha wa Darwin, ambaye waliokomaa waliobaki wanakadiriwa kuwa kati ya mia sita na kitu na elfu mbili na nusu, tishio lake kubwa kabisa ni mbwa wa nyumbani wanaozurura: wanamshambulia, na wanambebea distempa. Sumu ya panya nayo haiishii kwa panya. Mbweha wadogo wa bonde la San Joaquin, California, waliomo kwenye orodha ya hatari tangu mwaka 1967 na ambao baadhi yao huishi mjini Bakersfield, chini ya majengo na kando ya mifereji, wamekutwa na sumu hiyo miilini kwa sababu ya kula panya waliokula sumu. Yote haya yanaamuliwa kwenye ghala na uwanja wa mtu mwingine.

Ndiyo maana nasema mkataba wa kwanza wa kijinchi chenye mbweha usainiwe na huyo jirani. Hauhitaji dibaji wala muhuri wa nta. Hata kuandikwa si lazima. Wewe utalipia chanjo ya mbwa wake kila mwaka. Utamsaidia kuimarisha banda la kuku, waya uzikwe ardhini ili mbweha asichimbe. Yeye ataacha sumu na kutumia mitego ya kawaida ya panya, na atakupigia simu akiona mbweha anayeyumba au mwenye ukurutu badala ya kuchukua bunduki. Ukimweleza hayo ukiwa umevaa mkanda wa urais atakutazama vibaya, na ana haki. Nenda na nguo za kazi.

Kuna mtu wa pili wa kusaini naye, na huyu ndiye mgumu zaidi kwa moyo wa mwenye kijinchi: ile serikali aliyojitenga nayo. Najua hoja zake. Najua uchungu wa kumpigia magoti mtu uliyemwandikia barua ya kujitoa. Lakini sheria ya wanyama walio hatarini nchini Marekani inafika hadi kwenye ardhi ya mtu binafsi, na kujitangazia uhuru hakuiondoi. Ukivuruga shimo la mbweha aliyeorodheshwa, unaweza kushtakiwa kama raia mwingine yeyote. Sheria hiyohiyo, tangu miaka ya 1990, ina mlango ambao wenye ardhi wengi hawaujui: unaweza kuandikiana na idara ya wanyamapori kwamba utaboresha makazi ya mnyama kwa hiari yako, nayo ikakuhakikishia kuwa wanyama wakiongezeka hutabebeshwa masharti mapya kwa sababu ya wema wako. Ukiitazama vizuri, hiyo ni hati kati ya pande mbili zinazoheshimiana, kila moja ikiwa na wajibu wake. Wenye vijinchi wanatafuta dola kubwa itakayokaa nao mezani na kuandika. Hapa ipo, na ajenda ni mbweha.

Tena kuna suala la muda, ambalo sijaona likizungumzwa ipasavyo. Kijinchi mara nyingi huwa na umri wa mwanzilishi wake, au huzidi kidogo. Casley alifariki mwaka 2019. Mwaka uliofuata, Agosti 2020, Mto Hutt ulijivunja wenyewe, ukiwa na deni la kodi la mamilioni ya dola za Australia, na ardhi ikabidi iuzwe. Sisemi hili kwa kufurahia. Miaka 50 si haba. Nauliza tu: kama pale ndipo palikuwa na mashimo ya mnyama wa mwisho wa aina yake, angelindwa na nini siku ya mnada? Katiba ya kijinchi haimfungi mnunuzi. Kinachomfunga ni sharti la uhifadhi lililoandikwa kwenye hatimiliki yenyewe, kwa sheria ya nchi kubwa, ambalo huhama pamoja na ardhi hata ikiuzwa mara kumi. Katika nchi nyingi hati za namna hiyo zipo. Mwanzilishi anayempenda mbweha wake ataandika sharti hilo akiwa bado ana afya na kalamu, hata kama maana yake ni kukiri kwenye karatasi kwamba msajili wa ardhi wa nchi kubwa ana mamlaka. Kwangu hicho ni kitendo cha kiutawala kuliko gwaride lolote.

Niongeze tahadhari moja, kwa sababu mapenzi kwa mbweha yanaweza kupotea njia. Mbweha anayestahili ulinzi ni yule wa mahali pale. Australia hakukuwa na mbweha. Walipelekwa na Wazungu katika karne ya 19 kwa ajili ya michezo ya kuwinda, wakaenea karibu bara zima, wakachangia kuangamiza wanyama wadogo wenye mifuko ambao hawapatikani kwingine. Kijinchi cha Australia kikimweka mbweha mwekundu kwenye nembo na kumpa hifadhi, kitakuwa kinamlinda mharibifu. Hivyo kabla ya bendera yoyote, mtafute mtu anayewajua wanyama wa eneo lako akuambie ni mbweha gani huyo uliyemwona.

Mikutano yenyewe bado ina kazi, na sitaki ionekane nataka ivunjwe. Ni mahali pekee ambapo watu hawa husikilizana kwa heshima, na kuna mambo ambayo mtu huyakubali haraka akiambiwa na mwenzake kuliko akiambiwa na ofisa. La kwanza ni ramani. Watu wa vijinchi wanapenda kuchora na kuchapisha kila kona ya nchi yao. Shimo la mbweha aliye hatarini lisichorwe, wala picha yenye vilele vya milima nyuma yake isitolewe hadharani, maana mtegaji na mpiga picha asiye na subira wote wanajua kusoma mandhari. La pili ni sikukuu. Mbweha wengi wa nchi za kaskazini huzaa majira ya kuchipua, na jike akisumbuliwa huwabeba watoto mdomoni mmoja mmoja kuwahamishia shimo jingine, kazi inayowaacha wengine wazi kwa saa nyingi. Kama siku ya uhuru wa kijinchi chako inaangukia hapo, na wageni wanakuja na fataki, droni na mbwa wao, sikukuu isogezwe hadi vuli. Uliiweka mwenyewe kwenye kalenda. Unaweza kuihamisha mwenyewe. La tatu ni chakula. Vile vituo vya Skandinavia vilibuniwa na wataalamu kwa ajili ya tatizo mahususi. Mabaki ya karamu unayomwachia mbweha nyuma ya ikulu yanamfundisha kuwafuata watu, na watu huishi kando ya barabara.

Ningependa kuona, katika mkutano ujao popote utakapofanyika, saa moja imetengwa baada ya hotuba za ufunguzi. Daktari wa mifugo akae mbele, siyo balozi. Kila mwenye kijinchi chenye ardhi asimame na kutoa ripoti: majirani wangapi wanapakana naye, wangapi kati yao amewahi kunywa nao chai, wana mbwa wangapi, na wangapi kati ya hao wamechanjwa mwaka huu. Asiyejua idadi arudi nyumbani akaihesabu, na mwaka unaofuata aanze yeye kusema.